Ngozi za Kambare

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, fundi wa mashine wa taasisi ya utafiti alisukuma mlango wa stoo ya baridi, akapiga hatua moja, akarudi nyuma na mkono puani. Harufu ilikuwa ya samaki, lakini si ya samaki wa sokoni. Ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa.

Friza iliyokuwa ikinguruma pale ukutani kwa miaka tisa ilikuwa kimya. Taa ya namba za joto kwenye mlango wake ilikuwa imezimika. Maji yalikuwa yamechuruzika sakafuni hadi kwenye miguu ya meza. Plagi ilikuwa imechomolewa na kuwekwa vizuri kando ya ukuta, kama mtu anavyopanga viatu vyake nje ya chumba.

Hakugusa kitu. Alimpigia simu Profesa, kisha polisi.

Inspekta alifika saa mbili na robo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mnene kiasi, mpole wa sauti, na utoto wake wote ulipita nyuma ya meza ya mama yake aliyekuwa muuza samaki. Aliinama mbele ya friza, akavuta harufu mara mbili, akamgeukia fundi.

"Mlango wa friza uliukuta wazi au umefungwa?"

"Umefungwa kabisa."

"Umeufungua?"

"Sijaugusa, Inspekta."

Inspekta aliufungua mwenyewe kwa glavu. Vichupa vidogo vilijipanga kwenye trei, kila kimoja na lebo yake, na ndani yake kipande cha ngozi kilicholegea kama uji. Juu ya mlango palikuwa na kengele ndogo ya betri, iliyotakiwa kulia umeme ukikatika. Betri haikuwemo. Pembeni palikuwa na kifaa chenye kalamu, kisichotegemea umeme wa ukutani, kilichochora joto la friza kwenye karatasi ya duara, wiki hadi wiki. Kalamu ilikuwepo. Karatasi haikuwepo.

"Huyu si panya," alisema Inspekta.

Taasisi nzima ilimwita fundi yule Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima uzito wa vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuongeza wala kupunguza neno. Asubuhi ile maneno yake yalikuwa machache kuliko kawaida. Inspekta aliliona hilo, akalitia akilini.

Alianza na Profesa, mkuu wa maabara, mzee mrefu aliyebakiza miezi minne kustaafu. Ofisi yake ilikuwa safi. Majalada yalipangwa kwa miaka, na kila moja lilikuwa na tarehe mgongoni.

"Profesa, nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne. Mlihifadhi nini mle?"

"Ngozi za kambare. Vichupa mia mbili na kumi na vinne, kazi ya miaka mitatu." Alivua miwani. "Kambare hana magamba, Inspekta. Anaishi kwenye matope, anakwaruzwa kila siku, na vidonda vyake haviozi. Tulijiuliza kwa nini. Ngozini mwake mna peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na kimoja kati ya hivyo kinaua vijidudu vya vidonda sugu. Mkwe wangu ndiye aliyekigundua. Tulikipa jina la Ngao."

"Mkwe wako yuko hapa kazini?"

"Ndiye Daktari, msaidizi wangu. Amemwoa binti yangu. Mwezi ujao wodi ya majeraha inaanza kuwapaka Ngao wagonjwa kumi na wawili. Wameruhusu haraka kwa sababu ni kitu cha asili, kimo kwenye samaki anayeliwa tangu enzi na enzi. Kingekuwa cha kutengenezwa, tungezungushwa miaka kumi kwa majaribio."

"Nani angenufaika vichupa vikiharibika?"

"Sijui. Jumatano wataalamu watatu kutoka nje walikuwa waje kuvifungua wenyewe, wahakikishe kwamba tulichosema kimo, kimo." Aliipangusa miwani ile kwa muda mrefu. "Sasa wataona uvundo tu. Siku mbili na nusu bila umeme, hata mashine ile haitapata cha kusema."

Inspekta aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, kama alivyoandika zilizotangulia.

"Funguo za stoo ni ngapi?"

"Nne. Wangu, wa Daktari, wa Mizani, na wa akiba, ambao uko kwa mlinzi kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi."

Bahasha ilipoletwa, ilikuwa imechanwa.

Mlinzi wa mchana alikuwa mzee mfupi aliyeitwa Kufuli, jina alilopewa kwa ubishi wake wa kumkagua hata Profesa mwenyewe akisahau kitambulisho. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta akiwa amekunja kofia mikononi.

"Mzee, bahasha imechanika vipi?"

"Karatasi ni karatasi, mama. Inazeeka kama sisi."

"Karatasi iliyozeeka inachanika kwa mstari ulionyooka?"

Mzee Kufuli aliitazama bahasha kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Mimi sikuchomoa waya wowote," alisema. "Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Sijakuuliza waya. Niletee daftari la lango."

Daftari lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kubana, lakini halikuwa na pengo. Ijumaa: Mizani alitoka saa nane mchana. Daktari alitoka saa tisa kasoro robo. Profesa alitoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na jengo likafungwa. Usiku lango hufungwa kwa mnyororo, na mlinzi wa zamu ile hana ufunguo wa ndani. Jumamosi hakuingia mtu. Jumapili, Mizani aliingia saa nane mchana, akatoka saa tisa.

Inspekta aliweka kidole kwenye mstari huo wa mwisho na kumwita Mizani.

"Jumapili ulifuata nini kazini?"

"Kuisafisha mashine. Inasafishwa siku isiyo na sampuli."

"Stoo ya baridi iko mlango wa pili kutoka chumba chako. Hukusikia kwamba friza imenyamaza?"

"Pampu za mashine yangu zinapiga kelele, Inspekta. Hata radi nisingeisikia."

"Na Ijumaa ulitoka mapema."

"Nilimpeleka shangazi kliniki ya macho. Saa saba na nusu nilisoma joto la friza nikaliandika kwenye kitabu: sabini na tisa chini ya sifuri. Ilikuwa nzima."

"Kabla ya hapo, wiki nzima, hakuna jambo lililokushangaza? Ugomvi, maneno, mtu kukasirika?"

Kidole cha Mizani kilifuata ukingo wa meza mpaka kwenye kona. "Hakuna la kusema," alijibu.

Hakusema *hakuna*. Alisema *hakuna la kusema*. Inspekta aliandika yote mawili na kupigia mstari la pili.

Saa tatu asubuhi Daktari aliingia na begi begani, shati limekunjamana. Alikuwa ametoka moja kwa moja stendi. Ijumaa alipanda basi la saa tisa na nusu kwenda kumwona mama yake, na tiketi zote mbili alikuwa nazo mfukoni. Alizitoa kabla hajaombwa.

"Unatunza tiketi vizuri," alisema Inspekta.

"Ni mazoea tu." Alikuwa na jasho juu ya mdomo, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. "Inspekta, sipendi kumsema mtu. Lakini muulize Mizani kwa nini hakuwekwa kwenye orodha ya waandishi wa ripoti yetu. Alinuna mwezi mzima. Na Jumapili alikuwa hapa peke yake."

"Nani kakwambia kuhusu Jumapili?"

"Baba. Baba mkwe, kwa simu, nikiwa ndani ya basi."

Kufikia mchana taasisi nzima ilikwishahukumu. Alipopita Mizani kwenye korido, mazungumzo yalikatika. Mhudumu wa mapokezi, aliyezoea kunywa naye chai, aligeuza kiti chake kuelekea dirishani. Mizani alikunywa chai yake amesimama.

*

Jumanne asubuhi Inspekta alihesabu vichupa, akavihesabu tena, kisha akamwita Mzee Kufuli kwenye kibanda chake mwenyewe, penye kiti kimoja na ndoo iliyogeuzwa. Akakaa juu ya ndoo.

"Mzee, vichupa ni mia mbili na kumi na vitatu. Kitabu kinasema kumi na vinne. Kimoja kimekwenda wapi?"

Mzee aliangalia langoni, ambako hapakuwa na mtu.

"Mke wangu ana kidonda mguuni," alisema mwisho. "Mwaka wa pili huu. Hospitali tumekwenda mpaka viatu vimekwisha. Humu ndani nasikia wanasema dawa imepatikana. Niliomba jina lake liingizwe kwenye wale kumi na wawili, nikaambiwa nafasi zimejaa. Jumamosi saa nne asubuhi nilichana bahasha, nikachukua kichupa kimoja."

"Ukampaka?"

"Alinifukuza nacho. Alikinusa, akaniuliza tangu lini mguu wake umekuwa kikaango. Akakitupa chooni." Alikunja kofia mara ya tatu. "Niandikie wizi, mama. Lakini waya sikugusa. Mtu anayengoja mvua hatoboi pipa lake."

Inspekta hakucheka, ila nusura. "Ulipofungua friza, kichupa kilikuwaje?"

"Kigumu kama jiwe."

"Ulivaa glavu?"

"Sikuvaa. Mizani huwa anavaa glavu nene, anasema baridi ile inang'oa ngozi. Mimi nilikishika kwa mkono mtupu, na kilikuwa baridi ya barafu ya kawaida tu."

"Na taa ya namba mlangoni?"

Mzee alifikiri. "Haikuwaka. Nilidhani Jumamosi wanaizima kubana umeme."

Inspekta alisimama, ndoo ikalia chini yake. Kama mzee alikuwa anasema kweli, friza ilikuwa imezimwa kabla ya Jumamosi saa nne, na Mizani wa Jumapili hakuwa na hatia. Lakini mzee huyo huyo alikuwa amekwisha kusema uongo mara moja. Ushahidi wa mwizi unataka shahidi wa pili.

Alimfuata Mizani kwenye chumba cha mashine. Spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa chembe, ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, ya kijivu, na pampu zake chini ya meza zilinguruma kweli kama lori la mchanga.

"Binti, nyama inapooza, mashine yako inaweza kujua imeoza kwa saa ngapi?"

Mizani alimtazama kwa mara ya kwanza bila woga. "Samaki akishayeyuka, vimeng'enya vilivyomo mwilini mwake vinaanza kukata protini zake vipande vipande. Saa sita vipande fulani, saa kumi na mbili vingine. Mashine inapima uzito wa kila kipande. Nikipata kambare mbichi nikamwacha aoze kwenye joto lile lile la stoo, nikampima kila baada ya saa sita, nitaona anafanana lini na wale wa kwenye friza."

"Na friza iliyojaa, ikizimwa mlango umefungwa, inachukua muda gani mpaka nyama ianze kuyeyuka?"

"Siku nzima. Pengine zaidi kidogo."

"Basi anza. Lakini wewe ni mtuhumiwa, kwa hiyo sampuli nitaziweka alama mimi, na hutajua ipi ni ipi."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Mizani. Ilikuwa kama vile amepewa heshima.

Inspekta alikwenda sokoni mwenyewe. Alichagua kambare watatu kwa kuwatazama macho na kuwabonyeza tumbo, na muuzaji aliyejaribu kumpa wa jana alijuta. Mpaka Jumatano usiku alikata ngozi, akaiweka kwenye vichupa, akaipa alama za maua, nyota na vikombe ambazo yeye peke yake alizijua. Kila baada ya saa sita kichupa kimoja kilitolewa kwenye joto na kugandishwa kisioze zaidi. Konstebo wake aliketi mlangoni akiwa na kitambaa puani. Wataalamu watatu walipigiwa simu wasije.

*

Alhamisi saa nne asubuhi majibu yalikuwa kwenye skrini. Milima myembamba ilisimama mmoja baada ya mwingine, kila mlima uzito wa kipande kimoja. Mizani alionyesha kwa kalamu.

"Vichupa vya friza vinafanana na alama yako ya kikombe na ya nyota. Ni saa ngapi hizo?"

Inspekta alifungua kijitabu chake. "Kikombe ni saa thelathini. Nyota, thelathini na sita."

"Basi nyama ilikaa imeyeyuka kati ya saa thelathini na thelathini na sita. Jumlisha siku moja na saa kadhaa za kupata joto." Mizani alihesabu kwa sauti ndogo. "Ukirudi nyuma kutoka Jumatatu asubuhi, plagi ilichomolewa Ijumaa. Alasiri au jioni."

Mzee Kufuli alikuwa amesema kweli. Inspekta alishusha pumzi, lakini hakuinuka. Alikuwa anatazama skrini kama mama yake alivyokuwa akitazama mizani ya mnunuzi.

"Nionyeshe Ngao kwenye huyu kambare wangu mbichi."

Mizani hakusogeza mkono.

"Profesa kasema kila kambare anayo," alisema Inspekta. "Nilinunua watatu. Nionyeshe."

"Haimo," alisema Mizani.

"Kwenye yupi?"

"Kwenye wote."

Mizani aliinuka, akafungua kifriza kidogo chini ya meza, kisichofikia goti, akatoa trei ya vichupa vyembamba kama njiti.

"Haya ni mabaki ya sampuli kumi na nane nilizopima miezi iliyopita. Daktari aliniamuru niyamwage. Sikumwaga. Mtu wa vipimo hamwagi mabaki."

"Na ukanificha kwa siku tatu."

"Nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme kwanza." Alikaa. "Inspekta, peptidi haioti kama uyoga. Hukatwa kutoka kwenye protini ndefu, kama kipande cha kitambaa kinavyokatwa kwenye jora. Ukikuta kipande, lazima jora liwe dukani, pamoja na makombo ya mkasi. Peptidi nyingine zote za ngozi ya kambare zina jora lake na makombo yake. Ngao iko peke yake. Hakuna jora, hakuna makombo, na kipimo chake kinalingana katika kila kichupa, kama chumvi iliyopimwa kwa kijiko. Viumbe hai havilingani hivyo."

"Kwa hiyo imetiwa."

"Imetiwa. Imetengenezwa kwenye kiwanda fulani, ikatiwa kwenye vichupa. Sampuli ikioza, kila kitu kinakuwa makombo, na hakuna atakayeweza kuuliza jora liko wapi."

"Ulimwambia nani?"

"Alhamisi iliyopita. Nilimwambia Profesa, mlango ukiwa umefungwa. Aliniambia niachie yeye, nisimwambie mtu. Amenifundisha kazi miaka kumi na mmoja. Nilimwamini kama baba. Nilijua ataitisha kikao."

"Na Jumatatu akamwambia mkwe wake kwamba wewe ulikuwa hapa Jumapili."

Mizani aliirudisha trei kwenye kifriza.

Saa sita mchana Inspekta alimweka Daktari mbele ya karatasi mbili: ya kambare wa sokoni na ya kambare wa maabara. Haikuchukua muda.

"Mara ya kwanza niliiona kweli," alisema Daktari kwa sauti kavu. "Nilikuwa nimenunua peptidi ya kutengenezwa, hiyo hiyo tuliyokuja kuiita Ngao, kwa ajili ya kulinganisha na za samaki. Nadhani tone lilidondoka kwenye sampuli. Mimi nikadhani samaki ndiye anayo. Nikamkimbilia baba mkwe, akanikumbatia. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi hata kunikaribisha kiti. Wiki iliyofuata nikapima tena, haikuwemo. Lakini mama mkwe alikuwa amekwishaalika ndugu kunipongeza."

"Ukaitia."

"Nikaitia kidogo. Nikasema wiki ijayo itaonekana yenyewe. Wiki zikawa miaka mitatu."

"Na wagonjwa kumi na wawili?"

Alifunika uso. "Kwenye vyombo vya maabara inaua vijidudu. Nilijiambia haitawadhuru."

"Hujui kama haitawadhuru. Hakuna aliyepima. Na plagi?"

"Si mimi." Aliinua macho mekundu. "Ningekuwa na ujasiri huo ningeichomoa mwaka jana."

Ijumaa ile Daktari alitoka saa tisa kasoro robo, na kondakta wa basi alimkumbuka kwa kuwa alitapika njiani. Konstebo alikwisha kuthibitisha. Lakini kati ya saa nane, alipoondoka Mizani, na saa tisa kasoro robo, kulikuwa na dakika arobaini na tano alizokuwa na ufunguo mkononi. Inspekta alihitaji kitu cha kuzifunga dakika hizo.

*

Saa tisa alasiri aliwakusanya ofisini kwa Profesa: Profesa nyuma ya meza yake, Daktari kwenye kiti cha pembeni, Mizani karibu na dirisha, konstebo mlangoni.

"Profesa," alianza Inspekta, "mkwe wako amekiri alichotia kwenye vichupa."

Profesa alimtazama mkwe wake, kisha akatazama meza. Hakuuliza ni kitu gani.

"Hushangai."

"Nimezeeka, Inspekta. Mshangao unataka nguvu."

"Jumatatu wote humu ndani waliamini friza ilizimwa Jumapili, siku aliyoingia Mizani. Mkwe wako aliamini hivyo kwa sababu wewe ulimwambia. Lakini mimi uliniambia hivi." Alifungua kijitabu. "'Siku mbili na nusu bila umeme, hata mashine ile haitapata cha kusema.' Kutoka Jumapili mchana hadi Jumatatu asubuhi haifiki hata siku moja. Siku mbili na nusu zinaanzia Ijumaa jioni. Mimi nililijua hilo leo asubuhi, baada ya kuozesha kambare watatu. Wewe ulilijuaje?"

"Ni namna ya kusema tu. Mwisho wa wiki."

"Wewe si mtu wa namna ya kusema. Kila jalada lako lina tarehe." Inspekta alisogea. "Na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeambiwa kwamba Ngao haina jora. Aliambiwa Alhamisi. Ijumaa plagi ikatoka."

"Daktari alikuwa na ufunguo," alisema Profesa. Mkwe wake aligeuza kichwa taratibu kumtazama.

"Alikuwa nao. Ndiyo maana naitaka karatasi ya duara."

"Aliyechomoa plagi aliichana, bila shaka. Mwizi gani anatunza ushahidi?"

"Mwizi hatunzi. Betri ya kengele imetupwa, nakubali. Lakini nimeuliza watu humu. Wanasema ulimsimamisha mwanafunzi mwezi mzima kwa kuchana ukurasa mmoja wa vipimo vilivyokosewa. Miaka thelathini na mmoja umewafundisha watu kwamba kipimo hakitupwi, hata kikikuumbua. Ninacho kibali cha kupekua ofisi hii, jalada kwa jalada. Lakini nadhani unajua ni lipi."

Nje mtu alikuwa anasukuma kigari cha vyombo, magurudumu yakilia.

Profesa aliinuka. Hakwenda kwenye droo. Alikwenda kwenye rafu, akavuta jalada la mwaka ule, la mwezi ule, akatoa karatasi ya duara. Ilikuwa imetobolewa na kufungwa mahali pake panapostahili, katikati ya wiki iliyotangulia na nafasi tupu ya wiki iliyofuata. Akaiweka mezani.

Mstari wa wino ulizunguka umenyooka kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Kisha, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, ulianza kupanda. Baada ya nusu saa ya kupanda ulikatika, pale mtu alipoinua kalamu na kuitoa karatasi.

"Saa kumi na moja na dakika kumi," alisoma Inspekta. "Kwenye daftari la lango, ndani ya jengo hili ulikuwamo peke yako."

"Nilikaa pale nikiitazama," alisema Profesa. "Nilijiambia ikifika sabini nitairudisha plagi. Ilifika sabini. Sikuirudisha." Aliketi, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Nilifikiri, sampuli zikiharibika kwa ajali, kazi itaanza upya, Ngao haitaonekana, tutasema utafiti haukufaulu. Utafiti mwingi haufaulu. Hakuna atakayeitwa mwongo. Mimi ningestaafu, yeye angetafuta kazi kwingine. Nilidhani ni njia ya huruma."

"Kwa nani?" aliuliza Mizani kutoka dirishani.

Hakuna aliyemgeukia haraka. Profesa ndiye aliyefanya hivyo mwisho.

"Plagi naielewa, Profesa," Mizani alisema. "Ulikuwa unamficha mkweo. Lakini Jumapili. Nani alikuambia useme habari za Jumapili?"

"Polisi walikuja. Walikuwa wanauliza maswali. Nilihitaji muda."

"Siku nne nimekunywa chai nimesimama."

"Wewe ungepona," alisema Profesa kwa sauti ya chini. "Una kipaji. Nilifikiri wewe ungepona, yeye asingepona."

Mizani alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesoma namba na kuikubali ingawa hakuipenda. Daktari alikuwa analia bila sauti, mikono katikati ya magoti.

Inspekta aliitia karatasi ya duara ndani ya bahasha ya ushahidi. "Profesa, utafuatana nasi. Wewe pia, Daktari. Kuna jambo moja kwanza. Wodi ya majeraha haijaambiwa kitu."

"Nitawapigia," alisema Profesa, akinyoosha mkono kwenye simu. "Mimi ndiye niliyetia saini. Nitawaeleza kwa utaratibu, kwamba kumetokea hitilafu katika—"

"Hapana," alisema Mizani.

Alivuka chumba, akaichukua simu kutoka chini ya mkono wake. Namba aliijua kwa kichwa. Iliita mara tatu. Walimsikia muuguzi mkuu akiitika kwa furaha, akisema vitanda vimekwishapangwa, wagonjwa wanauliza kila siku, na je, dawa inaletwa lini.

"Dada, nisikilize vizuri na uandike," alisema Mizani. "Dawa haiji. Ile si ya samaki. Ilitengenezwa na kutiwa kwenye sampuli zetu, na hakuna aliyeipima kwa binadamu. Wafute wote kumi na wawili." Alisikiliza. "Ndiyo, wote. Nani anasema? Mimi, fundi wa mashine. Niliona tangu Alhamisi iliyopita, nikanyamaza wiki nzima. Na hilo pia liandike."